Nianze na kitabu gani ili niache pombe?

Barua tano tulizochagua mwezi huu zinauliza karibu jambo moja: kitabu cha kumsaidia mtu kuacha pombe. Majibu yake hayafanani kwa sababu wanaouliza hawako hatua moja. Tumeanza na barua ambayo haiwezi kusubiri.

Nimepanga kujifungia ndani na kitabu

*Nakunywa gongo tangu asubuhi. Nisipozimua, mikono inatetemeka na jasho linanitoka. Nimepata kitabu cha Allen Carr na nimeamua kuwa Jumatatu naacha moja kwa moja, najifungia chumbani siku tatu. Siku ya kwanza nisome sura zipi? – Msomaji, Tanga*

Ndugu yetu, siku ya kwanza hakuna sura ya kusoma. Usijifungie, na usiache ghafla kabla hujaonana na daktari. Tunajua inashangaza jarida kumwambia mtu asiache pombe Jumatatu, lakini kwa hali uliyoieleza, hatari iko hapo hapo kwenye kuacha kwa pupa.

Pombe hupooza ubongo. Ubongo unaopoozwa kila siku hujikaza upande wa pili ili uendelee kufanya kazi. Ukiikata pombe ghafla, ule mkazo unabaki peke yake, hauna kitu cha kuuzuia. Kati ya saa 6 na 12 baada ya glasi ya mwisho huja mtetemeko, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Kifafa cha kuacha pombe hutokea mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka kifafa maishani. Kati ya siku ya 2 na ya 4 baadhi ya watu huweweseka: homa, maruweruwe, kutojua yuko wapi wala ni saa ngapi. Hali hiyo isipotibiwa huua. Kutetemeka kwako kabla ya kuzimua kunaonyesha kwamba mwili wako umeshafika huko.

Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa kabla ya Jumatatu, ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Waeleze mambo manne: unakunywa nini na kiasi gani kwa siku, tangu lini, glasi ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na kama umewahi kuanguka au kuona vitu visivyokuwepo ulipokosa pombe. Usipunguze hesabu kwa aibu, maana dozi hupangwa kwa hesabu hiyo. Kwa kawaida mgonjwa hupewa diazepam, dawa ya kutuliza, kwa dozi inayoshushwa siku hadi siku kwa muda wa wiki moja hivi, pamoja na vitamini B1. Vitamini hiyo hutangulia dripu ya glukosi, kwa sababu sukari ikimwingia mtu aliyeishiwa B1 inaweza kumdhuru ubongo. Usinunue diazepam dukani ukaichanganya na gongo. Viwili hivyo pamoja huzima pumzi.

Kitabu utakifungua baada ya hapo, mikono ikishatulia. Na usianze na kinene, kwa kuwa akili ya wiki za mwanzo haishiki kurasa nyingi. Chukua *Living Sober*, kijitabu cha mwaka 1975 cha Alcoholics Anonymous (AA), umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha, chenye sura fupi 31 zinazosomeka kila moja kwa dakika chache. Hakihubiri. Kinakuambia ule au unywe kitu kitamu hamu ikipanda, umpigie mtu simu kabla ya glasi badala ya baada yake, ulale vya kutosha, na uikwepe ile glasi ya kwanza kuliko kuihesabu ya tano.

Bia tano, sita kila jioni

*Nafanya kazi, sijawahi kukosa siku kwa ajili ya pombe. Lakini kila jioni ni bia tano au sita pale grosari, na mwisho wa mwezi zaidi. Asubuhi sitetemeki. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Nipeni jina la kitabu kimoja. – Msomaji, Mbeya*

Kabla ya jina la kitabu, jiulize: mara ya mwisho ulipokaa saa 24 bila bia, mwili ulikuwaje? Kama ulilala vibaya na kuwa na hasira tu, endelea kusoma. Kama ulitetemeka, ulitapika au moyo ulikwenda mbio, rudi kwenye jibu la barua ya kwanza.

Sasa hesabu. Chukua mililita za chupa, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Utapata gramu za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20. Shirika la Afya Duniani, WHO, huhesabu kipimo kimoja kuwa gramu 10, kwa hiyo bia yako moja ni vipimo viwili, na bia sita ni gramu 120. Kwa mwanamume, zaidi ya gramu 100 kwa siku WHO huiweka kwenye kundi la hatari kubwa kabisa. (Kwa wanaojifariji kwamba wao hununua "kichupa kidogo tu": mililita 200 za spiriti ya asilimia 35 ni gramu 56, karibu bia tatu mfukoni. Gongo na mbege hazina lebo, ndiyo maana wanywaji wake hukadiria pungufu.)

Kisha ujipime kwa AUDIT, dodoso la WHO lenye maswali 10, kila moja alama 0 hadi 4. Alama 8 na kuendelea ni onyo. 20 na kuendelea, anza na daktari. Wengi hukosea swali la pili, linalouliza unakunywa vipimo vingapi kwa siku. Mtu wa bia sita huandika 6, akapata alama 2. Jibu lake sahihi ni 12, na alama ni 4. Wewe katika maswali matatu ya mwanzo peke yake una alama 12.

Umeomba kitabu kimoja, basi kimoja: *Alcohol Explained* cha William Porter, mwanasheria wa Uingereza, kilichotoka mwaka 2015. Tumekichagua kwa sababu Kiingereza chake ni chepesi na sura ni fupi, na kwa sababu kinamweleza mtu kama wewe jambo ambalo hajawahi kuelezwa: kwa nini mnywaji wa jioni hushtuka saa tisa usiku akiwa na wasiwasi usio na sababu. Ni ule mkazo wa ubongo tulioutaja juu, kwa kiwango kidogo. Pombe inapoisha mwilini, mkazo unabaki, usingizi unakatika, kesho yake umechoka, na jioni bia inaonekana kama dawa ya uchovu ulioletwa na bia ya jana. Akishauelewa mzunguko huo, mtu hapigani tena na kitu asichokijua.

Kama unapenda kazi ya kila siku kuliko maelezo, Annie Grace wa Marekani ana *The Alcohol Experiment*, siku 30, kila siku na somo lake. Huyu huchukua imani moja moja, mathalani "bia inanipa usingizi" au "bila bia sina la kuongea na watu", na kukutaka uipime kama ni kweli. Allen Carr, Mwingereza aliyejulikana kwanza kwa kitabu cha kuacha sigara, naye ana kelele nyingi na hurudia jambo lile lile hadi likuingie. Anataka usibadili unywaji wako mpaka umalize kitabu. Wapo wanaopona kwa sauti ya namna hiyo. Ila ujue kwamba ushahidi uliochapishwa kuhusu mbinu yake ni wa sigara zaidi kuliko pombe.

Usipokuwa na hela ya kitabu, tovuti ya WHO ina mwongozo mwembamba wa bure wa mwaka 2010, *Self-help strategies for cutting down or stopping substance use*. Ni mkavu kama fomu ya benki, lakini una nafasi za kujaza, na nafasi za kujaza ndizo zinazofanya kazi.

Je, kitabu peke yake kinatosha? Mwaka 2003 Timothy Apodaca na William Miller walikusanya tafiti 22 za watu waliopewa vitabu na miongozo ya kujisaidia na pombe. Waliotafuta msaada kwa hiari yao walipunguza unywaji, na Miller mwenyewe alishaona tangu miaka ya 1970 kwamba waliosoma mwongozo nyumbani hawakuachwa mbali na waliokaa na mshauri. Hao walikuwa wanywaji wa kupindukia ambao miili haijafungwa na pombe. Yaani watu wa kundi lako, si la ndugu yetu wa Tanga.

Lakini soma na kalamu. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Wiki ya kwanza usibadili kitu, andika tu: tarehe, saa, kinywaji, mahali, ulikuwa na nani, na shilingi ngapi. Kurasa 15 za kitabu zisome saa kumi na moja jioni, kabla ya saa ya grosari, si kitandani ukiwa umeshakunywa, maana ulichosoma ukiwa umelewa kesho hakipo. Kila sura ikiisha, andika sentensi moja inayoanza na "Leo nita…" Isiwe "nitakuwa mtu bora"; iwe "leo nitapita njia ya sokoni" au "leo nitakula kabla ya kutoka kazini". Njaa na grosari haviwezi kukaa pamoja. Hamu ikikujia, andika saa iliyoanza na saa iliyoisha. Mara nyingi hupungua ndani ya nusu saa, na mwandiko wako mwenyewe utakushawishi kuliko mwandishi yeyote wa Marekani.

Utakwama kwenye raundi. Mnywaji wa grosari hanywi bia sita kwa kiu, hunywa kwa deni: watu watano mezani, kila mmoja ametoa ofa, na wewe huwezi kuondoka kabla hujatoa yako. Vitabu vya Ulaya hugusa jambo hili juu juu tu. Kwa wiki nne usikae kwenye meza ya raundi kabisa. Ukilazimika kufika, agiza soda yako kaunta, ilipie papo hapo, na ukae na glasi iliyojaa mkononi.

Kuhusu Kiswahili, tuseme ukweli: rafu ni nyembamba. *Mahali Pasipo na Daktari*, tafsiri ya kitabu cha David Werner, kinagusia ulevi kwa kurasa chache, na bado ni miongoni mwa maandishi yaliyo wazi zaidi tuliyonayo. Msaada mzuri wa Kiswahili uko mdomoni kuliko kwenye karatasi. Moshi, katika hospitali ya KCMC, wauguzi wamefanya na majeruhi mazungumzo mafupi yaitwayo "Punguza Pombe Kwa Afya Yako". Eldoret, watoa huduma wasio madaktari waliendesha vikao 6 vya dakika 90, mara moja kwa wiki, kwa Kiswahili, na washiriki walipunguza pombe. Ukisikia kliniki iliyo karibu nawe ina kikao cha aina hiyo, nenda na daftari lako.

Nimwekee mzee wangu kitabu juu ya mto?

*Mume wangu hulewa karibu kila siku. Nataka kumnunulia kitabu nikiweke mahali atakapokiona. Jirani naye ananishauri dawa ya kuweka kwenye chai bila yeye kujua. – Mama wa watoto watatu, Nakuru*

Mama, hiyo dawa ya chai usiiguse. Huenda ikawa disulfiram, ambayo hufanya kazi kwa kumgeuzia mtu pombe kuwa sumu: uso kuwaka, kutapika, shinikizo la damu kushuka. Kwa mwenye moyo dhaifu inaweza kuua. Daktari huitoa kwa mtu anayejua anachomeza na aliyekaa bila pombe angalau saa 12.

Kitabu juu ya mto ni kelele zilezile za jana, safari hii zimepigwa chapa. Kinunue, lakini ukisome wewe. Kinaitwa *Get Your Loved One Sober*, cha Robert Meyers na Brenda Wolfe, 2004, na kimeandikwa kwa ajili ya mke, mume au mzazi wa mlevi. Katika utafiti wa 1999 ambao Meyers alishiriki, asilimia 64 ya familia zilizofundishwa mbinu hii zilifanikiwa kumwingiza mnywaji kwenye matibabu. Kwa familia zilizofundishwa kumkabili mnywaji ana kwa ana ilikuwa asilimia 30, na kwa zilizoelekezwa Al-Anon, vikundi vya jamaa wa walevi, asilimia 13. (Hatuidharau Al-Anon, iliyoanza 1951. Lengo lake ni wewe upate utulivu, si yeye aende kliniki.)

Kiini chake ni hiki. Akiwa timamu, kaa naye, mpikie anachopenda, cheka naye. Akiingia amelewa, usigombane, ondoka chumbani. Acha madhara ya pombe yamfikie mwenyewe: usimpigie bosi wake kusema ana malaria, usimlipie deni la baa, usifue shuka aliyoitapikia. Neno la matibabu liseme asubuhi anapojuta, kwa sentensi mbili, ukiwa na miadi tayari mkononi, kwa sababu dirisha hilo hufunga kabla ya jioni. Kwenu Kenya, simu ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, na haina malipo.

Kama anakupiga, mpangilio unabadilika. Kitabu chenyewe kinatanguliza usalama: mahali pa kukimbilia, nauli iliyofichwa, vitambulisho na vyeti vya watoto kwa mtu unayemwamini. Usianze mbinu hata moja kabla ya hayo.

Mimi ni Mwislamu, vitabu hivi vinanikwepa

*Nimesoma kitabu kikubwa cha AA nikaona kama ibada ya Kikristo. Na hapa mtaani siwezi kuonekana na kitabu cha pombe. – Msomaji, Mombasa*

Kitabu hicho kilitoka 1939, miaka minne baada ya Bill Wilson na daktari Bob Smith kukutana Akron, Ohio, na lugha yake ni ya Waprotestanti wa Marekani wa enzi hizo. Kina na upofu wake: sura iitwayo "Kwa Wake" iliandikwa na Bill mwenyewe, si na mkewe Lois, na jambo hilo lilimuuma Lois. Hata hivyo njia yake si ya kutupwa. Tathmini ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, iliyokusanya tafiti 27, iliona kwamba AA na programu zinazofuata hatua zake 12 hazizidiwi na tiba nyingine, na katika kumfanya mtu akae bila pombe kabisa huzizidi. Tangu 1989, kundi la Millati Islami lililoanzia Baltimore limekuwa likizisoma hatua hizo 12 kwa misingi ya Uislamu. Kitabu cha AA kinasomeka bure kwenye tovuti ya AA wenyewe, na mwaka 2024 walitoa toleo la Kiingereza chepesi.

Kilicho karibu nawe zaidi ni *Islam and Alcoholism* cha mwanasaikolojia wa Sudan, Malik Badri, 1976. Anaeleza kwa jicho la kisaikolojia jinsi watu wa Madina walivyoachishwa mvinyo. Tazama mpangilio wa aya zenyewe: Al-Baqara 219 inapima faida na madhara, An-Nisaa 43 inakataza kuisogelea sala ukiwa umelewa, Al-Maida 90 inakata kabisa. Mtu aliyezoea sala tano ukimwambia asilewe wakati wa sala, umeshamfungia sehemu kubwa ya siku. Kitabu ni adimu; ulizia maktaba za vyuo vya Kiislamu.

Usipotaka dini yoyote ndani ya kitabu, SMART Recovery, mtandao wa vikundi vya kujisaidia ulioanza 1994, una kitabu cha mazoezi. Zoezi lake bora halihitaji hata kukinunua: gawa ukurasa mara nne, uandike faida za kunywa, hasara za kunywa, faida za kuacha, hasara za kuacha. Usiruke sanduku la kwanza kwa unafiki. Usipoandika pombe inakupa nini, hutajua cha kuweka mahali pake.

Kuhusu kuonekana: simu. Pakua, na ufunge kwa nywila. Na kama wewe ni wa wale wanaoacha Ramadhani nzima wakarudi Idi mosi, basi siku 30 unaziweza. Usichokuwa nacho ni mpango wa siku ya 31. Uandike kumi la mwisho: Idi utakuwa wapi, na nani, na simu ya nani hutapokea.

Nilimaliza kitabu, nikakaa siku 70, nikaanguka

*Sasa nina vitabu vinane na bado nakunywa. Nibadilishe kitabu? Na riwaya, je, zinasaidia? – Msomaji, Dar es Salaam*

Hapana. Usinunue cha tisa.

Alan Marlatt, aliyeandika pamoja na Judith Gordon mwaka 1985 kuhusu kuzuia kurudia ulevi, alionyesha kwamba glasi ya kwanza haimwangushi mtu sana kama sentensi inayoifuata: "nimeshaharibu, basi tena". Sentensi hiyo ndiyo hunywa chupa nzima. Kwa hiyo rudi kwenye kitabu ulichokimaliza, na ukisome safari hii ukitafuta siku ya 69. Ulilala saa ngapi? Mshahara uliingia? Uligombana na nani? Umekula? Mara nyingi utakuta uamuzi ulifanyika saa nyingi kabla ya glasi, siku uliposema utapita tu kuwasalimia. Andika vitu vitatu vya siku hiyo, na kwa kila kimoja andika utakachofanya kikitokea tena. Mwisho wa mwezi utafika tena, kwa hiyo anza na huo.

Jihadhari pia na dozi: baada ya siku 70 mwili umepoteza ustahimilivu, na kiasi chako cha zamani kitakupiga vibaya. Na kama kila ukiacha arosto inakuwa kali kuliko mara iliyopita, hiyo ni kawaida ya mwili na ni sababu ya kumwona daktari. Muulize pia kuhusu naltrexone, ambayo hupunguza utamu wa pombe na kiu yake. Wengi wenye rafu ya vitabu vinane hawajawahi kuulizia kidonge hata kimoja.

Umeuliza mwishoni kama riwaya zinasaidia. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, 1971, inakuonyesha Zakaria, baba mlevi, kwa macho ya nyumba anayoiendesha, na hiyo ina faida yake. Kumbukumbu za walioacha ni jambo jingine. *Drinking: A Love Story* ya Caroline Knapp, 1996, imeandikwa vizuri mno, na inaisifia pombe vizuri mno katika kurasa za mwanzo. Iweke kabatini hadi mwezi wa tatu.